Mchoro Uliofanya Kazi Bila Mimi

Alhamisi, saa moja jioni. Kamembe imeoshwa mpaka imetakata. Mvua ya leo haikuwa ya mchezo: barabara ya kushukia sokoni bado inatiririka, wenye moto, yaani pikipiki, wanaendesha polepole kama wanaopeleka mayai, na Bukavu ng'ambo ya ziwa inaonekana karibu utadhani ukimwita mtu huko ataitika. Nimekaa nyumbani kwa baba, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, viatu vyangu vimejaa matope ya Bweyeye, na chai ya tangawizi iko mkononi.

Leo nimeshinda.

Naandika hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu nikianza kwa unyenyekevu nitapoteza ladha. Unyenyekevu utakuja, tena mwingi, lakini usubiri zamu yake.

Wewe uliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza, naitwa Zaina. Naangalia mtandao wa kompyuta wa hospitali moja ndogo hapa Kamembe. Jina la hospitali siliandiki, maana riziki yangu iko huko. Kazi yenyewe ni hii: majibu ya maabara yasafiri kwenye waya hadi wodi ya wazazi, dawa zilizoandikwa na daktari zionekane kwenye duka la dawa, na mgonjwa akifika mapokezi faili lake lifunguke. Waya zikiwa nzima hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Zikifa, jina langu linaitwa kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji, na wauguzi wanakimbia uani na makaratasi chini ya mvua.

Nimefanya hivyo miaka mitatu. Mwezi uliopita nikapata nafasi ya masomo Kigali, miezi sita, mambo ya mitandao mikubwa na namna ya kuilinda. Niliomba mara mbili nikakataliwa, mara ya tatu wakanikubali. Jibu langu linatakiwa kesho, Ijumaa, likiwa na karatasi ya kuniruhusu iliyotiwa sahihi na mwajiri.

Mwajiri ni Dokta, mkurugenzi wetu, mwanamke mfupi anayetembea haraka kuliko watu warefu. Nilipompelekea barua alinitazama juu ya miwani akasema, "Zaina, ukienda miezi sita, rezo ikikufa, nani atatufufulia?"

Nikajisikia mkubwa: rezo, yaani ule mtandao, haifufuki bila mimi. Halafu nikajisikia nimefungwa. Vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu aliyevishwa koti zuri lisilo na mahali pa kutolea mikono.

Dokta hakukataa moja kwa moja. Alifikiri, akagonga kalamu mezani, akanipa sharti. "Bon. Uchore rezo yote. Uichore mpaka ata muntu mwenye hajawai gusa kable aifwate. Ikisimama bila weye, ninasinya. Isiposimama, unabakia."

Nilitoka ofisini nikicheka. Kuchora tu, ndipo atie sahihi? Nikajifungia na kompyuta, na siku mbili baadaye nikatoka na mchoro wa kitaalamu, alama zote za fani, mistari iliyonyooka, namba chini ya kila kifaa, na intaneti nimeichora kama wingu, kwa sababu duniani kote sisi watu wa mitandao huichora kama wingu. Nilijiona nimemaliza. Nikaubandika ukutani na kumwita Maman Domina auangalie.

Maman Domina ndiye msimamizi wa usafi na mashuka. Ametoka Bugarama, kwenye mpunga, ana rozari kwenye mfuko wa kushoto wa aproni na funguo kwenye mfuko wa kulia. Yeye pia ndiye mtu wa radi. Hapa wilayani kwetu Rusizi radi haina adabu: imeshakula televisheni, friji na simu za watu wengi, kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma kila nyumba inachomoa vitu vyake. Hospitalini kazi hiyo ni ya Maman Domina. Anapita chumba hadi chumba akichomoa kila kisichoshikilia uhai wa mgonjwa, pamoja na waya zangu, na mvua ikipita anazirudisha. Nilijua kwamba kama kuna mtu atakayeshika mtandao huu mimi nikiwa Kigali, mtu huyo ni yeye, apende asipende.

Aliutazama mchoro wangu kwa heshima, mikono nyuma kama yuko kanisani. Kisha akaweka kidole kwenye intaneti.

"Zaina, mwana wangu, hii wingu njo ile inaleta inkuba? Sasa miye nitachomoa wapi?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta: inkuba, yaani radi, kwenye wingu langu! Yeye hakucheka. Aliuliza swali la kweli na alikuwa anangoja jibu.

Nilikuwa nimechora ili wataalamu wanisifu, na mtaalamu katika jengo lile ni mmoja tu, ni mimi. Nikaubandua ule mchoro.

Nikaenda sokoni nikanunua karatasi ya kaki, ile ambayo mafundi cherehani hukatia vipimo, mita tatu. Nikanunua na utepe wa rangi nne. Halafu nikaanza upya, kwa miguu.

Wiki tatu nimetembea jengo lile nikifuata waya kwa mkono, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi gizani. Nimepiga magoti nyuma ya makabati. Nimekuta waya uliopakwa rangi pamoja na ukuta, mtu hakutaka kuusogeza. Nimekuta waya mwingine, mrefu na mzuri, unaotoka mapokezi, unapita juu ya mlango, unaingia ukutani na hauendi popote. Nimepiga chafya mpaka Elie, muuguzi wa wazazi, akaniuliza kama nataka kitanda. Kila waya niliuvisha utepe ncha zote mbili, na juu ya utepe nikaandika unatoka wapi na unakwenda wapi.

Na mchoro nikauchora kama mgonjwa anavyoijua hospitali. Hapa geti. Hapa mapokezi, na rauta, yaani kile kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje. Hapa friji la maabara. Hapa sanamu ya Maria kwenye kona ya wazazi, hapa mti wa parachichi uani. Katikati ya hivyo vyote nikaweka masanduku yangu, zile swichi, vifaa vyenye matundu mengi vinavyopokea waya mmoja na kugawia wengine. Kila sanduku nikalipa jina la chumba chake, na pembeni nikaandika linatakiwa kuwa na waya ngapi. Chini kwenye kona nikaandika kwa herufi kubwa: mtandao ukifa wote, pita kila sanduku, hesabu waya, ondoa usioandikwa hapa, na kumbuka kwamba hakuna waya unaotoka kwenye sanduku na kurudi kwenye sanduku lile lile.

Sijawahi kufurahia kazi kama wiki zile. Nilikuwa naota mistari. Kitu ambacho miaka mitatu kilikuwa kichwani mwangu tu, kimerundikana kama nguo chafu, nilikiona kimekaa ukutani, kimenyooka, kina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Ila sikuchora yote.

Haya. Zamu ya unyenyekevu imefika.

Kuna sanduku la tano. Liko kwenye stoo ya mashuka, rafu ya juu, nyuma ya mablanketi. Nani aliliweka huko sijui, ni wale waliofunga waya kabla yangu. Wodi ya wazazi yote inapata mtandao kupitia sanduku hilo. Na kutoka humo kuna waya mmoja ambao ncha yake ya pili hubaki inaning'inia mlangoni, kwa sababu hutumika siku za chanjo tu: Alhamisi wauguzi huweka meza kwenye ujia na kuuchomeka kwenye kompyuta yao ndogo. Siku nyingine hauna kazi.

Sasa ukichukua ncha ile inayoning'inia ukaichomeka nayo kwenye sanduku lile lile, unaua hospitali nzima. Si wodi tu, nzima. Habari inatoka tundu moja inarudi kwa jingine, inazunguka humo kwa humo kama uvumi wa sokoni, mpaka waya zote zinajaa kelele na hakuna kompyuta inayoisikia nyingine.

Ilitokea mara mbili mwaka huu. Mara zote mbili baada ya radi, na mara zote mbili aliyeichomeka ni Maman Domina, kwa moyo safi, kwa sababu alikuta kitu kimening'inia nyumbani mwa wagonjwa na yeye hawezi kuvumilia hilo.

Mara ya kwanza nilihangaika saa tatu kabla sijajua. Mara ya pili nilijua tangu nikiwa getini. Niliingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikachomoa ncha moja, nikakaa humo dakika kumi nikisoma ujumbe kwenye simu ili kazi ionekane nzito, kisha nikatoka nikijifuta jasho. Walinipigia makofi. Elie alininunulia soda. Maman Domina alishika mikono yangu miwili na kunibariki.

Na ule waya nikauacha uning'inie vilevile. Kipande cha utepe, neno moja tu juu yake, kingetosha. Sikukiweka.

Baba yangu ni fundi wa redio, miaka arobaini yuko kwenye kibanda chake karibu na msikiti, na ana msemo wake kwamba fundi hafundishi yote, anabakiza moja la kulia ugali. Nimekua nikiusikia. Na Waswahili tuna lingine, asiyekuwapo na lake halipo. Nilipokuwa nachora nilikuwa nawaza: miezi sita sipo. Watapata mwingine, kijana mwenye shahada, atausoma mchoro wangu kwa asubuhi moja na kukalia kiti changu. Kwa hiyo nikachora waya unaotoka mapokezi ukaenda moja kwa moja hadi wazazi, kana kwamba stoo ya mashuka haikujengwa. Nilitaka kwenda Kigali na nilitaka wanililie. Nilitaka wafe kidogo nikiwa mbali, ili wajue.

Kuliandika hili hapa kunanichoma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne asubuhi Maman Domina alikuja kujifunza mchoro. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea. Alifuata mistari kwa kidole, taratibu, midomo inacheza: mapokezi, maabara, friji, duka la dawa, sanamu ya Maria (hapo akafanya ishara ya msalaba), wazazi. Akarudi mwanzo. Akafuata tena. Kisha akavua miwani.

"Na stoo yangu?"

Nikasema stoo si muhimu, Maman, haina kompyuta.

"Bantu bote beko mu hii karatasi. Ata frigo iko. Muti ya avoka iko. Miye njo siko?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyezoea kuachwa nje na aliyedhani kwamba safari hii hataachwa. Halafu akachukua ndoo yake akaenda.

Mimi nilibaki pale na kalamu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha ule uchi wangu nyuma ya mablanketi, nao ulikuwa unaning'inia. Nikachora stoo. Nikaichora upesi, nusu saa haikufika, kabla moyo haujabadilika: rafu, mablanketi, sanduku la tano, waya nne. Nikaandika: waya wa chanjo una ncha moja kwenye sanduku, ncha ya pili inakaa kwenye msumari wa mlangoni na haichomekwi kamwe kwenye sanduku. Nikapigilia msumari. Nikaweka utepe mwekundu. Nikamwita Maman Domina, nikamwonyesha kwenye karatasi na kwenye rafu. Sikumwambia habari ya zile mara mbili. Ujasiri wangu ulikuwa umeishia kwenye msumari.

Alitazama stoo yake kwenye mchoro kwa muda mrefu, akaniuliza kama naweza kuipanua kidogo. Nikaipanua.

Sasa leo.

Asubuhi nilitumwa Bweyeye, kwenye kituo cha afya tunachosaidiana nacho, kuna kompyuta ilikuwa haiwaki. Bweyeye ukienda unakwenda kweli. Barabara inapinda ubavuni mwa Nyungwe, moto inateleza, abiria unashuka unasukuma, na kwenye sehemu kubwa ya msitu simu inakuwa kioo tu cha kujitazamia. Kompyuta yenyewe ilinichukua robo saa. Mama wa kituo akanipa viazi na maharage, nikawa naosha mikono pale nje, ndipo niliposikia ngurumo. Upande wa magharibi, kwetu. Nikaona na lile wingu, jeusi, limekaa juu ya Kamembe kama lililotumwa.

Nikahesabu: leo Alhamisi. Siku ya chanjo. Meza iko kwenye ujia, waya uko nje.

Sijui nilimwambiaje kwaheri yule mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naendesha hospitali kichwani. Mvua ilitukuta katikati, dereva akataka tujikinge, nikamwambia tuendelee, akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Tulipotoka msituni simu ikashika mawimbi. Nikaitoa mfukoni, nikingoja zile simu ishirini nilizokosa. Zikija huja kwa mfululizo, zinavuma kama nyuki.

Hakuna hata moja.

Nitasema ukweli wote maadamu nimeshaanza. Kitu cha kwanza kilichonipata hapo barabarani hakikuwa furaha. Nilijisikia kama mke aliyerudi safari akakuta nyumba imefagiwa na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Nilitazama simu mara tatu kuona kama imeharibika.

Nimefika hospitalini saa kumi na moja, matope mpaka kiunoni. Mapokezi, kompyuta inawaka na yule binti wa mapokezi anaandikisha watu bila hata kuniangalia. Maabara, majibu yanatoka. Nikafika wazazi, nikamkuta Elie kainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Kumbe mtandao ulikufa. Ulikufa vizuri tu, wote, saa saba na kitu. Radi ilipoanza, Elie aliichukua haraka kompyuta ya chanjo asije akaipoteza, akakimbiza akina mama na watoto wao ndani, akarudi kukusanya meza. Mvua ilipopungua akaona waya umelala sakafuni mlangoni mwa stoo. Mchoro hajawahi kuusoma. Utepe mwekundu aliuona, akadhani ni wa kuonyesha kwamba waya ule ni wa muhimu sana. Basi akauokota, akaupangusa, akaupeleka kwenye sanduku la tano, akatafuta tundu lililo wazi, akauingiza. Aliniambia aliona raha ameokoa kitu.

Skrini zote zikaganda. Dokta alikuwa wodini anasubiri majibu ya damu ya mama mmoja aliyekuwa karibu kujifungua, akaanza kuita, "Zaina! Zaina!" mpaka mtu akamkumbusha kwamba Zaina yuko Bweyeye.

Ndipo Maman Domina alipovaa miwani.

Nimesimuliwa na watu wanne na wote wanasimulia kwa kusimama. Aliubandua mchoro ukutani, akaukunja kwapani kama mkeka, akaanza mapokezi. Akahesabu waya kwa sauti, huku watu wanamtazama. Sawa. Maabara, akahesabu. Sawa. Duka la dawa, sawa. Wazazi, sawa. Akafungua stoo yake kwa ufunguo wake, akapanda kwenye ngazi ndogo, akasogeza mablanketi. Nilimkuta huko huko stoo anapanga mashuka, nikamwomba anieleze mwenyewe.

"Karatasi inasema ine. Macho yangu inaona sita. Nikasema, Domina, usiogope, fwata moja moja. Nikashika ile ya utepe mwekundu, nikaifwata na mukono. Inatoka huku, inazunguka, inarudi huku. Nikasema, aa, weye! Nikaichomoa, nikaitundika ku musumari. Na zile mataa zikatulia, tuliii."

Nikamwuliza mbona hakunipigia simu.

"Kukupigia juu ya nini? Karatasi si ilikuwa pale?"

Dakika kumi na mbili, anasema Elie, na majibu ya damu ya yule mama yakafika wodini. Mimi mara ya kwanza nilitumia saa tatu, nikiwa na cheti.

Lakini ngoja, sijamaliza. Alipochomoa ule mwekundu zilibaki waya tano, na mchoro wangu unasema nne. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kushuka kwenye ngazi. Yeye mtandao ulikuwa umeshapona, watu wameshaanza kumpongeza, na bado waya mmoja ulikuwa haumo kwenye karatasi. Akaufuata. Ulipita nyuma ya rafu, ukatoka kwenye tundu la dirisha, ukapita ukutani nje, yeye nyuma yake na mwavuli, hadi kibanda cha mlinzi. Kamera ya geti! Miaka mitatu nimekuwa nikidhani inatokea mapokezi. Ile stoo niliyoificha wiki tatu na kuichora nusu saa, nilikuwa siijui vizuri hata mimi mwenyewe.

Akachukua kalamu ya bluu ya Elie. Akakata ile nne yangu kwa mstari mmoja, akaandika tano. Pale getini akachora nyumba ndogo yenye paa lililopinda, na ndani ya nyumba mtu mwenye kofia.

Nilipoiona nilikaa juu ya gunia la mashuka. Nikamwambia yote. Zile mara mbili, ule mlango niliofunga, zile dakika kumi, baraka zake nilizopokea kwa mikono miwili huku najua. Nikamwomba msamaha.

Alikunja shuka moja, pembe kwa pembe, akaliweka. Akachukua jingine.

"Sasa zile rozari mbili nilisalia rezo yako," akasema, "nilisalia bure?"

Nikamwambia hapana, Maman, nadhani zimefika leo. Akanichapa begani na lile shuka, si kwa upole, kisha akacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Najua hajamaliza kunisamehe. Nitampa muda wake.

Kwa Dokta nilikwenda na matope yangu vilevile. Karatasi ya ruhusa ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Aliniambia alikuwa akitafuta siku ya kuupima mchoro, na mvua imempimia. Akashika kalamu.

Nikasema, Dokta, subiri. Nikamweleza stoo ya mashuka. Nilijua kinachoweza kutokea. Kuna wakati nilikuwa naongea na macho yangu yako kwenye ile kalamu tu, naona inalala tena mezani, naona Kigali inaondoka na basi la mtu mwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Zaina. Mara mbili unaingia ku stoo ya mashuka, mara mbili unatoka bila shuka. Unafikiri siye hatuna macho? Nilikuwa nangoja uiandike weye mwenyewe."

Akatia sahihi. Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Akaniambia nikirudi nisirudi na kiburi, kile cha kwanza kilitosha.

Nimepita kibandani kwa baba nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, na muhuri akausoma. Akaniuliza, sasa umebakiza nini cha kulia ugali? Nikamwambia sikubakiza kitu, baba, ndiyo maana wameniruhusu. Akarudi kwenye redio yake akitikisa kichwa, lakini nimeona amenunua nyama leo, na mtu hanunui nyama katikati ya wiki kwa huzuni.

Mchoro nimekuja nao nyumbani. Nilisema nitauchora upya, safi, kabla sijaondoka: niweke tano kwa mwandiko mzuri, ninyooshe lile paa. Nimeutandaza kitandani, nimeshika na rula. Kisha nimechukua kalamu yangu mwenyewe, pale chini kwenye kona ambapo nilikuwa nimeandika jina langu peke yake, nikaongeza "na Domina". Mwandiko wake sijaugusa. Kesho naurudisha ukutani ulivyo, na pembeni nafunga kalamu ya bluu kwa uzi, aandike atakayeona tulichokosea.

Kabla ya hapo, alfajiri, jibu langu linakwenda Kigali. Neno moja tu: nakuja.

Miezi sita. Masika yatapita, radi itapiga inavyotaka, na hawatanipigia simu. Alhamdulillahi, hawatanipigia.